Makadirio

Asubuhi niko Kileleshwa, ghorofa ya tisa.
Mpambaji, Bi. Wairegi, amefika na kitabu chake cha rangi,
anakikunjua kama kipepeo cha bibi harusi.
Ukuta huu, asema, tutaupa Ukungu wa Alfajiri.
Ule, Pumzi ya Njiwa.
Mimi nachungulia namba nyuma ya kadi:
kijivu, na kijivu.
Miaka kumi na saba nashika brashi
sijaona njiwa akipumua rangi,
ila najua kunyamaza;
kunyamaza kumo ndani ya makadirio.

Mwenye nyumba anauliza kwa woga,
"Na kile kiti cha mamangu?"
Kiti cha kamba za plastiki, kijani na nyekundu.
Bi. Wairegi anakitazama kama mgeni asiyealikwa.
"Kitakaa roshani. Kwa muda."
Kikaenda roshani.
Mvua ya Aprili haijui maana ya kwa muda.

Sisemi hajui kazi.
Haki ya Mungu, anajua:
alisogeza taa moja tu, shibiri mbili,
na chumba kizima kikashusha pumzi, dari ikapanda,
mwenye nyumba akaketi sakafuni
kama aliyepokea barua njema.
Kwa shibiri mbili hizo alilipwa
kuliko mimi kwa kuta nne.
Nilihesabu. Nikaendelea kupiga msasa.
Kuna alipwaye jicho, kuna alipwaye bega.

Jioni, Kariobangi, ploti ya Mama Khavere,
chumba cha kumi na moja, mlango wa chuma.
Kwetu kuta zimekaa tupu, saruji na basi.
Kinyozi hajinyoi, humwambia Nasambu,
naye hujibu: basi azoee kuitwa beberu.
Chini ya kitanda pana mikebe ya mabaki:
Ukungu wa Alfajiri, kina cha kidole kimoja,
waridi la kliniki ya meno ya Ngara,
buluu ya shule fulani Makadara,
njano ya baa ya Roysambu
iliyofungwa kabla haijafunguliwa.
"Wikendi," nilisema. Wikendi ngapi?
Iulizeni kalenda ya duka la mbolea
aliyoitundika kufunika ufa.

Leo nafungua mlango, harufu inanipokea kabla ya mke.
Ameyachanganya yote kwenye beseni la kufulia,
ya maji na ya mafuta, Mungu wangu, pamoja!
Imetoka rangi isiyokuwamo kitabuni mwa Bi. Wairegi:
ukiwa dirishani, chai ya maziwa iliyosahaulika,
ukiwa mlangoni, kiazi kitamu kilichokatwa sasa hivi.
Amepaka kwa brashi ya viatu na kipande cha godoro.
Amepaka hadi mkono wake ulipofika,
akapanda stuli, akaongeza shibiri mbili,
kisha rangi ikaisha.

Jicho langu likaanza kazi bila kutumwa:
hakupiga msasa. Hakuna rangi ya msingi.
Michirizi pale karibu na swichi.
Baridi ya Julai ikiingia, itabanduka kama ganda la ndizi.
Siku mbili za kurekebisha, galoni moja na nusu,
nipunguzie kidogo fundi, haya, nimekupunguzia.

Nikatia mkono mfukoni kutafuta msasa.
"Bado uko kazini?" akauliza.
Ana doa la waridi kwenye nyusi.
Barasa, mdogo wetu, amebandika kiganja kizima
ukutani juu ya meza,
na sasa hajui aufiche wapi mkono.

Sikujibu.
Nikavua ovaroli, nikatoka nje kunawa,
nikarudi nikakaa kitandani,
kitanda ambacho amekihamishia upande wa pili
kwa sababu ambayo hakunieleza.
Na kumbe kutoka huku, saa kama hii, mlango ukiwa wazi,
jua hugonga mabati ya jirani
likaruka, likatua kwenye ukuta ule.
Miaka sita nimeishi humu.

Chai ikaletwa.
"Haya, fundi, toa makadirio yako."
Nikaitazama michirizi.
Nikaitazama tena.
"Ile sehemu ya juu," nikasema, "kesho nitakuletea ngazi."
"Ngazi tu?"
"Ngazi tu."